Springi ya Kushoto

Jumatatu ile shemeji yangu aliponipigia simu kutoka Lupiro, nilipaswa kukataa. Ni mke wa kaka yangu, na ujumbe haukuwa wake.

"Shemeji, kaka yako anasema uje. Ila usije na basi wala bodaboda. Uje na gari la baba. Anataka akae mbele, umlete Lumemo aone nyumba ya baba na kaburi la mama."

Nyuma yake nikasikia sauti ya kaka, nyembamba, inaongeza neno.

"Anasema pia vioo avikute visafi."

Nikasema, "Mwambie Ijumaa asubuhi nitakuwa mlangoni kwake."

Jibu sahihi lilikuwa: hapana kaka, gari lipo juu ya matofali, ninakuja leo hii. Siku hizi daraja la mtoni lipo, na kutoka kwangu Lumemo hadi Lupiro si safari ya kutisha. Ningekula wali wa mchana kwake. Shemeji naye alilijua hilo. Alishusha sauti, nadhani alitoka nje, akasema, "Mimi ningependa uje tu, shemeji. Padri alimpaka mafuta ya wagonjwa jana."

Nikamjibu kwamba kaka ameomba gari, nami siwezi kumvunjia heshima. Nilipokata simu nilijiona mtu mwema. Sasa najua kwamba sikuwa namheshimu mtu yeyote. Nilitaka watu wa Lupiro waone gari likiingia likiwa zima, nami nikiwa nyuma ya usukani.

Inabidi nieleze habari ya gari hilo. Ni salun ya Kiingereza, ya milango minne, rangi ya maziwa, ambayo baba aliinunua kwa daktari mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Baba alipofariki hakuacha neno lolote kuhusu gari. Kwa desturi lilikuwa la kaka, kwa kuwa ndiye mkubwa. Lakini kaka alikuwa ameshahamia ng'ambo ya mto kulima mpunga, na mimi ndiye niliyebaki katika nyumba ya baba, karani wa stoo mwenye leseni ya udereva. Kwa hiyo gari lilibaki kwangu kama vile mbuzi wa jirani anavyobaki kwako usipomrudisha.

Kaka aliliomba mara moja tu. Binti yake wa kwanza alikuwa anaolewa. Wakati huo watu bado walivuka mto kwa pantoni. Alikuja mwenyewe, akaketi barazani kwangu, akaniambia anataka binti aende kanisani ndani ya gari la babu yake. Nilikuwa nimelipaka rangi upya mwezi ule. Nikaiwaza njia ya Lupiro na tope lake, nikamtazama kaka usoni, nikasema, "Springi za mbele zimechoka. Halitafika."

Springi hazikuwa na tatizo lolote. Nadhani kaka alijua, kwa sababu alitoka akaenda mbele ya gari, akaliegemea kwa mikono miwili akalibonyeza, na gari likapanda na kushuka vizuri kabisa. Alipangusa mikono yake kwenye suruali akaenda zake. Binti yake alikwenda kanisani juu ya lori la mpunga, gauni limefunikwa kwa shuka. Tangu siku hiyo mimi na kaka tulisalimiana kwenye misiba tu.

Miaka ilipita, na springi zikachoka kweli. Ya kushoto ilikatika, ya kulia ikalegea. Niliagiza mpya kutoka Dar es Salaam, zikaja kwa basi zimefungwa kwenye gunia, nikazipaka grisi na kuzisukuma chini ya kitanda. Zilikaa huko muda mrefu. Mke wangu alikuwa ameshafariki, na sikuwa na pa kwenda na gari.

Kwa hiyo simu ya Jumatatu ilipokuja niliichukua kama nafasi niliyopewa na Mungu. Ningefunga springi zile kwa mikono yangu, ningevuka daraja, ningemkalisha kaka kiti cha mbele, na tukiwa wawili njiani ningemwambia: siku ile nilikudanganya, nisamehe. Maneno yalikuwa tayari. Kilichobaki ni gari.

Jumanne nzima niliimalizia kwenye nati. Kutu ilikuwa imezishika, nikazimwagia mafuta ya taa na kuzingoja, nikazigonga, nikazimwagia tena. Spana ni zile za baba, za inchi, maana za siku hizi haziingii. Mtani wangu alikuja mapema akavuta kigoda akaketi upande wa kivuli.

Huyu mtani ni Mngoni, nami ni Mpogoro, na kwa utani wa makabila yetu hatukuwahi kusemezana jambo la maana kwa zaidi ya miaka arobaini. Alikuwa fundi wa malori ya mpunga, fundi hasa, mpaka macho yalipomharibikia. Sasa humwona mtu kama kivuli. Lakini mdomo ulibaki mzima.

"Mpogoro, hiyo ni nati unafungua au unachuna mbuzi?"

"Nyamaza, mla panya. Wewe ulifungua nati gani bila kuivunja?"

"Mimi nilivunja nati, babu zako walivunja miguu. Walipotuona tu Wangoni wakapanda milima ya Mahenge bila viatu."

"Babu zetu hawakuwa na viatu."

"Ndiyo nakwambia. Na walikimbia hivyo hivyo."

Wapita njia walicheka, nami nilicheka nikiwa chini ya gari. Ilikuwa siku njema, nakiri.

Kwa asiyejua kazi hii nieleze kidogo. Lori hukalia springi za mabamba yaliyopangwa, lakini gari letu mbele linakalia springi mbili za chuma kilichosokotwa, moja kila upande. Juu, springi inaingia kwenye kikombe cha fremu. Chini, inakaa kwenye kikombe kingine kilicho juu ya mkono wa chuma unaoshika gurudumu. Unaliinua gari na kulikalisha pahali imara. Mimi nilitumia mataruma ya zamani ya reli. Kisha unautegemeza mkono ule kwa jeki, unafungua viungo, na kuushusha polepole mpaka springi ya zamani ilegee itoke. Ya kuingia unafanya kinyume: unaiweka, unapandisha jeki, inajibana mpaka viungo vifungike. Ikiruka wakati imebanwa inaua, kwa hiyo nilizungushia mnyororo nilioazima kwa jirani mwenye pawatila, trekta dogo la mkono.

Jambo moja zaidi. Ndani ya kikombe cha chini kuna kifereji kifupi, na ncha ya springi lazima ilale humo. Isipolala humo gari linasimama vizuri tu, na linatembea. Lakini springi inakuwa imekanyaga ukingoni.

Jumatano niliweka ya kulia. Nilipomaliza kuipandisha, mtani aliomba nimshike mkono nimpeleke. Alichuchumaa, akapitisha vidole kuzunguka springi, taratibu, kama anayehesabu rozari. Akatikisa kichwa.

"Iteremshe. Ncha iko nje."

Niliteremsha. Nikalala chali, nikamulika kwa tochi, nikakuta ncha imelala kwenye kifereji kama mtoto mgongoni. Nilipotoka alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Nilitaka kuona kama Mpogoro anaweza kufanya kazi moja mara mbili!"

Nilimrushia kitambaa chenye grisi. Nikapandisha upya. Ilinigharimu nusu saa, na sikukasirika, maana ndivyo tulivyoishi. Zamani aliwahi kunijia asubuhi akaniapia, "Leo si utani, viboko wameingia kwenye mpunga wako." Nikakimbia na debe la kupigia kelele mpaka shambani, nikakuta korongo wawili na mpunga umetulia. Niliporudi alikuwa ameketi kwenye kiti changu na chai yangu ameimaliza.

Alhamisi ilikuwa ya kushoto. Upande ule ndio uliokuwa umekatika, na kikombe kilijaa tope lililokauka la miaka. Nilikwangua, ingawa si sana. Shemeji alipiga simu mchana kuniambia kaka ameamka na nguvu kidogo, amekunywa uji, amenyolewa ndevu kwa ajili ya kesho. Habari hiyo ikanitia haraka. Ilipofika saa kumi na moja springi ilikuwa imebanwa na viungo vimefungwa. Wingu lilikuwa limetanda upande wa milima ya Udzungwa, na mgongo wangu ulikuwa unawaka.

Mtani akaomba mkono. Nikampeleka. Akachuchumaa, vidole vikazunguka. Safari hii vilisimama mahali, vikarudi nyuma, vikaenda tena.

"Iteremshe," alisema.

"Nenda zako."

"Ncha imekanyaga nje, Mpogoro. Iteremshe, izungushe kidogo kuelekea kwako, uipandishe."

Nilimulika tochi. Niliona grisi na tope, na kwa macho yangu ilionekana imekaa. "Mimi ninayeona ninaiona imekaa. Wewe usiyeona unaiona imetoka?"

"Leo si utani."

"Kama viboko?"

Akacheka. Hakuweza kujizuia, na mimi nikacheka, na cheko lake nikalichukua kuwa ushahidi. Alisema tena, kwa sauti ya chini, "Lakini iteremshe." Mimi nilikuwa ninakusanya spana.

Kwa muda fulani nilijipa moyo kwamba utani ndio ulioniponza, kwamba mtu aliyeapa uongo jana hawezi kuaminiwa leo. Siyo kweli. Vidole vya yule mzee vilifunga springi nyingi kuliko nilizowahi kuziona, nami nilijua. Niliuchukua utani kwa sababu ulikuwa karibu. Ukweli ungenitaka nilale tena kwenye vumbi nusu saa.

Ijumaa saa moja asubuhi niliondoka nyumbani. Nilikuwa nimesafisha vioo kwa maji na magazeti, ndani na nje. Nilivaa koti. Gari lilivuta kidogo kushoto, nikajiambia ni tairi. Wanawake waliokuwa wanaanika mpunga kando ya njia walisimama wakatazama, na mmoja akapiga kigelegele. Nilipunga mkono kama mbunge. Darajani nilikwenda polepole ili niuone mto, nikayarudia maneno yangu kwa sauti: siku ile nilikudanganya, kaka.

Nilikuwa nimelipita daraja na kwenda mbele kidogo, mpaka pale njia ilipochimbwa kwa ajili ya kalavati la kupitisha maji. Nililiona shimo, nikakanyaga breki, gurudumu la kushoto likaingia humo. Mlio ulikuwa kama wa geti la chuma lililoanguka. Gari likainamia kushoto, tairi likakwama ndani ya bodi, na halikusogea tena.

Nilishuka. Springi ilikuwa imetoka kwenye kikombe cha chini, imelala upande kama jino lililong'oka nusu.

Ilikuwa saa mbili na robo hivi. Mwendesha bodaboda mmoja, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Panda nikufikishe. Unakwenda Lupiro? Ni hapo tu."

"Na gari?"

"Gari limevunjika mguu, mzee, litakwenda wapi?"

"Watalichuna."

Alilizunguka, akachungulia chini, akatazama spana zangu. "Hili? Nani siku hizi ana spana za inchi? Panda."

Nikasema nina jeki, nitalirekebisha. Akanitazama kidogo, akawasha pikipiki akaondoka.

Hiyo ndiyo mara ya pili nilipoweza kuliepuka kosa langu, nikalifuata. Kaka alikuwa ananisubiri mimi na gari, na nilipolazimika kuchagua kimoja nilichagua gari. Udongo wa pale ni laini. Kila nilipopandisha jeki ilididimia, nikaweka zulia la ndani chini yake, kisha mawe, kisha gurudumu la akiba. Saa tatu na nusu simu ililia.

"Shemeji, amevaa tayari. Tumemkalisha barazani. Anauliza umefika wapi."

"Nimevuka daraja," nilisema. Ilikuwa kweli.

Saa tano ililia tena. "Anasema lazima umesimama unasalimia watu."

"Mwambie nakuja."

"Kuna shida, shemeji?"

Nilitaka kumjibu kweli. Lakini neno lenyewe lilikuwa lipi? Kwamba springi ya mbele imeharibika, gari haliwezi kufika. Ni maneno yale yale niliyomwambia kaka barazani kwangu alipokuja kuliomba gari kwa harusi ya binti yake. Wakati ule yalikuwa uongo, sasa yalikuwa kweli, na sikuwa na namna yoyote ya kumfanya ayasikie tofauti.

"Hakuna shida," nilisema. "Nakuja."

Nikarudi chini ya gari. Nilifikiri nikilifikisha gari maneno hayo hayatahitajika kamwe. Jua lilikuwa limepanda, mikono yangu inateleza kwa grisi na jasho. Mara mbili niliiinua springi karibu kuingia, mara mbili jeki ikalala.

Simu ya tatu ilikuja saa saba kasoro. Nilisikia kuku, nikasikia mtu anaburuta kiti. Kisha mke wa kaka akasema, "Usiharakishe tena, shemeji."

Nilisimama pale barabarani nikiwa nimeshika spana. Yule mwendesha bodaboda alikuwa anarudi kutoka Lupiro. Aligeuza pikipiki, nikapanda, nikaacha milango ya gari wazi.

Ni kweli alivyosema. Ilikuwa hapo tu.

Kaka alikuwa amelazwa kitandani, shati jeupe, viatu miguuni. Hawakuwa wamemvua viatu. Barazani kiti kilikuwa bado kinatazama barabara, na juu yake kulikuwa na mto mdogo aliotaka kuukalia ndani ya gari kwa sababu mifupa ilikuwa inamuuma. Nilinawa mikono na grisi haikutoka, nikamshika hivyo hivyo.

Nilimwuliza shemeji alisema nini mwishoni. Hakutaka kuniambia. Nilimsihi, akaniambia. Kaka alikaa barazani mpaka karibu saa sita, akiinua kichwa kila mlio wa injini ulipopita. Kisha akasema, "Leo nayo utasikia ni springi." Akaomba aingizwe ndani alale. Hakuamka.

Tulimzika Jumamosi. Mtani wangu aliletwa na basi, amemshika mtu bega. Kwetu mtani ana haki msibani. Anaweza kumwigiza marehemu, anaweza kulala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe chochote, anaweza kumkejeli mfiwa mbele ya padri na watu wakacheka huku wanalia. Nilimwona anakuja nikajiandaa. Nilijua ataniigiza nilivyolala chini ya gari na tochi yangu. Alikuwa na kila haki, na nadhani nilikuwa nauhitaji utani huo. Watu walimpisha njia wakingoja.

Alinipapasa mpaka akaupata mkono wangu. Vidole vyake vikapita juu ya grisi iliyobaki kwenye kucha.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema. Akaenda kuketi na wazee.

Baada ya siku chache nililirudia gari. Jirani alilivuta kwa pawatila mpaka nyumbani. Nililiinua, nikaiteremsha ile springi, nikakwangua kikombe chote mpaka chuma kikang'aa, nikaizungusha kidogo kuelekea kwangu, nikaipandisha. Ilichukua nusu saa. Nilikwenda kumwita mtani aje aipapase. Akaja, akapitisha vidole, akasema, "Imekaa vizuri." Akarudi kwake. Nilimwita mla panya alipofika getini, na hakugeuka. Tunasalimiana kila asubuhi. Ananiuliza habari ya nyumbani kama mtu na mtu mwingine yeyote.

Gari sasa ni zima. Linasimama sawasawa, halivuti upande, na ukilibonyeza kwa mikono miwili mbele linapanda na kushuka vizuri. Nimewapelekea watoto wa kaka, maana lilikuwa lao tangu mwanzo. Yule binti wa harusi ndiye anayeliendesha.

Naandika haya bila kumlaumu mtu mwingine. Kaka aliomba gari, mimi ndiye niliyekubali kungoja. Kungoja huko kulimfanya kaka yangu afe akiwa amevaa viatu vya safari, akiamini kwamba nimemdanganya kwa mara ya pili, na sikupata kumwomba msamaha kwa ile ya kwanza.